Mwalimu wa tuisheni amekata mtoto maksi kwa neno "thwart" na hataki kusikia

Wasee leo nimechemka acheni tu. Hapa Kisumu tunalipa tuisheni ya Kiingereza kila wikendi halafu mwalimu anagawa noti za fotokopi ameandika thwart ni kuzuia, basi, imeisha, na mfano wake eti "The rain thwarted me from going to school". Hiyo ni Kiingereza ya wapi jamani?? Ya kuvuta hiyo from ni prevent. Thwart inashika kitu chenyewe moja kwa moja, thwart a plan, thwart an attack, na kama ni mtu unasema he was thwarted in his attempt. Tena si kuzuia hivi hivi. Mvua inaweza kukuchelewesha na bado ufike, hapo sema hinder, lakini mpango ukiwa thwarted ujue umetibuka, mtu ametia kitumbua mchanga na hakiliki tena. Ndio maana magazeti ya Kiingereza yanalipenda sana polisi wakizima njama.

Sasa kilichoniudhi kabisa. Binti yangu kaandika "My uncle sat on the thwart of his boat". Akachorwa X nyekundu nusu ya ukurasa, pembeni NO SUCH THING!! na maksi zikaenda. Kumbe mtoto alilitoa kwa kamusi! Ule ubao wa kukalia uliokingama kwa boti toka ubavu huu hadi ule, Kiingereza ndio thwart hiyo hiyo. Si uende Dunga bichi saa hii uone wavuvi wameukalia. Na hicho kitenzi chenyewe kimetoka kwa neno la Waskandinavia wa zamani, þvert, maana yake kukingama, kwa hivyo anayekukingamia mpango na ubao uliokingama kwa boti si mbali sana.

Nikampigia, nikaongea kwa heshima kabisa, akanijibu "mzazi, kwa mtihani hawaulizi mambo ya boti, niachie kazi yangu". Mambo ya boti! Na mji mzima uko kando ya ziwa!

Mimi Jumamosi naenda na kamusi kwapani, maksi zirudi. Lakini mwalimu yeyote wa Kiingereza humu aniambie, hizo noti zitasahihishwa aje, maana darasa zima limeshakariri thwarted me from na wengine wanakaa mtihani mwaka huu.