Ukurasa mkubwa wa burudani unafuta majina yetu kwenye video: hadi lini?

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Sitamung'unya maneno. Kuna ukurasa mmoja wa burudani, wenye wafuasi wengi na matangazo ya biashara yasiyokatika, ambao umezigeuza kazi zetu sisi tunaoingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za zamani kuwa shamba la bibi. Kipande changu cha karibuni wamekichukua kizima: picha wameigeuza kushoto kuwa kulia ili mtambo wa ukaguzi usiitambue, sauti wameiongeza kasi kidogo, na kwenye kona palipokuwa na jina langu wamepaka ukungu, kisha wakabandika nembo yao juu yake. Hawakujali hata kwamba maandishi ya khanga niliyoitundika nyuma yangu katika utangulizi sasa yanasomeka kinyumenyume.

Nilipowaandikia, nilijibiwa kwamba mimi mwenyewe natumia filamu ya mtu, hivyo sina haki ya kulalamika. Huo ni utetezi wa mwizi aliyekutwa na mzigo. Lufufu, mwenzetu wa Tanzania aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, enzi zake aliwajaza watu kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, waliokwenda kumsikiliza yeye, na hakuna aliyedhani kwamba filamu zile alizitengeneza yeye. DJ Afro wa Kenya naye amejijengea jina kwa njia hiyohiyo. Kili Paul, Mtanzania wa video za mitandaoni, hakudai kamwe kuwa ndiye mtunzi wa nyimbo za Kihindi alizozifuatisha kwa midomo, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alimtaja kwa sifa katika kipindi chake cha redio. Wote hao waliongeza jasho lao, na chanzo kikabaki kinajulikana. Ukurasa huu umeongeza nini, zaidi ya ukungu?

Mwenye filamu akinidai, aje anidai yeye. Deni langu kwake halimpi mpita njia ruhusa ya kuniibia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inazilinda hata tafsiri na marekebisho ya kazi nyingine, bila kuathiri haki za mtunzi wa awali.

Ninachodai ni kipande kile kishushwe, au jina langu lirudishwe pamoja na sehemu ya mapato ya matangazo. Wenzangu mlioibiwa, wekeni hapa chini picha za skrini zinazoonyesha tarehe mlizopandisha video zenu, ili tupeleke malalamiko yetu kwa pamoja.