Wifi inakwama usiku, majirani wote wana ruta: niweke chaneli ipi?

Mpangaji_Soweto
Wakuu, habari za jioni. Nipo Soweto, Mbeya. Ndani ya fensi tupo wapangaji sita, kila mmoja na ruta yake ya laini, na ukuta wa jirani hauko mbali. Mchana mtandao unakwenda vizuri. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne video inazunguka tu, hata ujumbe wa sauti hautoki, na bando lipo. Nimepakua WiFi Analyzer, programu ya simu ya kuona wifi zilizo karibu: kwenye bendi ya 2.4 GHz inaonyesha mitandao 14 ya watu. Sita ipo chaneli 1, mitano chaneli 6, mmoja chaneli 9, miwili chaneli 11. Nikaona 3 haina mtu, nikahamia huko, hali ikazidi kuwa mbaya. Ruta ipo dirishani sebuleni ili ipate mnara, na chumba cha watoto kipo kuta mbili za tofali za kuchoma kutoka hapo. Ninunue yenye antena kubwa?

Waya_Uyole
Pole mkuu. Usinunue kitu kwanza. Saa mbili usiku ndiyo saa ambayo mnara nao unazidiwa na watu, kwa hiyo kabla ya kulaumu majirani hakikisha kosa liko wapi.

Chukua kompyuta, kaa mita mbili kutoka kwenye ruta, ukiwa kwenye wifi, muda uleule inapokwama. Fungua Command Prompt uandike ping 192.168.1.1 -n 100, yaani kompyuta iulize mara 100 na kupima muda wa kila jibu (anwani ya ruta yako huwa imeandikwa kwenye kibandiko chini yake, nyingine ni 192.168.0.1 au 192.168.8.1). Hapo unaongea na ruta tu, intaneti haihusiki. Majibu yakiwa milisekunde 2 hadi 10, hewa ya nyumbani haina neno. Yakirukaruka 150, 400, au ukaona Request timed out, mawimbi ya chumbani ndiyo yanagongana. Kisha rudia kwa ping 8.8.8.8 -n 100 (hiyo ni mashine ya Google huko intaneti). Ya kwanza ikiwa safi na ya pili mbovu, tatizo ni mnara, na hakuna chaneli itakayokusaidia.

Mpangaji_Soweto
Nimepima sasa hivi, saa tatu kasoro. Ya ruta: nyingi zipo 90 hadi 380, na 11 kati ya 100 zimepotea.

Masafa_Iringa
Basi ni hewa. Na hiyo chaneli 3 ndiyo iliyokumaliza, mkuu. Kosa hili wanalifanya wengi kwa sababu kwenye orodha inaonekana tupu.

Namba za chaneli za 2.4 GHz zimepishana MHz 5 tu, wakati mtandao mmoja unachukua upana wa MHz 20. Chaneli 1 katikati yake ni 2412, chaneli 6 ni 2437, chaneli 11 ni 2462. Hizo tatu hazigusani. Chaneli 3 ipo 2422: mguu mmoja umeukanyaga mtandao wa 1, mwingine umekanyaga wa 6. Yaani umejitafutia majirani 11.

Ubaya wake ni huu. Ruta zilizo chaneli moja zinasikizana: moja ikisema, nyingine zinanyamaza na kusubiri zamu. Unapungua kasi, lakini ujumbe unafika. Zikiwa chaneli zinazoingiliana nusu, haziwezi kusoma maneno ya mwenzake, zinasikia kelele tu. Ni kama wapiga debe wawili pale Kabwe, kila mmoja na spika yake, abiria hasikii wa Tunduma wala wa Kyela. Kila pakiti (kipande cha data) iliyoharibika inatumwa upya, na huko kurudiarudia kunazidisha msongamano. Heri kupanga foleni na wawili kwenye 11 kuliko kukaa katikati ya kumi na mmoja.

Kwa hiyo: weka 11, toa Auto (ruta kujichagulia chaneli yenyewe). Channel Width, yaani upana wa chaneli, weka 20 MHz, usiache 20/40. 40 MHz kwenye bendi hii inameza karibu nusu ya nafasi yote. Kisha mtafute huyo wa chaneli 9, anakaribia sana 11, mwombe ahamie 11 kabisa. Akikubali mtapata nafuu wote wawili.

Uangalie pia nguvu, si idadi peke yake. Jirani anayesoma -88 dBm kwenye WiFi Analyzer ni mbali mno, hakuumizi sana. Wa -55 yupo ukutani kwako. (Namba ikikaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu.)

Mama_Mafinga
Naongeza, maana 2.4 hata ukiipanga vipi itabaki finyu. Kama ruta yako ina bendi ya pili, 5 GHz, itenge jina lake, mfano Nyumbani-5, na simu na TV zinazoikubali zihamie huko. Anza na chaneli 36 upana 40 MHz; 80 inachukua 36 hadi 48 zote nne. Chaneli za 52 kwenda juu hadi 144 zinashirikiana na rada: ruta lazima isikilize kwanza, kwa kawaida dakika nzima, kabla ya kurusha, na ikihisi rada inahama yenyewe. Ndiyo maana mtu anadhani wifi imezimika.

Lakini 5 GHz inachoka haraka kwenye tofali, kwa hiyo watoto kule chumbani hawataipata vizuri. Antena kubwa si dawa: itaisikia simu ya mtoto vizuri zaidi, lakini itavuta na kelele za majirani, na wao utawaongezea kelele. Kile kirudishia mawimbi cha kuchomeka ukutani nacho nakikataa hapa, kwa sababu cha bei ndogo kinapokea na kutuma tena kwenye chaneli ileile, kila neno linasemwa mara mbili.

Ruta ibaki dirishani. Vuta waya wa Cat5e au Cat6 wa shaba halisi (ule wa alumini iliyopakwa shaba unakatika kirahisi kwenye kona) hadi korido, ufunge ruta ndogo ya pili. Ipe anwani 192.168.1.2, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani, aifanye ruta moja tu), na waya uingie tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo WAN (la intaneti inapoingilia). Ukichomeka WAN utakuwa na mitandao miwili ndani ya nyumba na TV haitaiona simu. Ruta ya dirishani 2.4 yake zima, ya korido iwashe chaneli 11. TV ipe waya moja kwa moja, hiyo peke yake inapunguza mzigo mkubwa hewani. Waya usiupeleke nyumba nyingine kwa nje. Mvua za kuanzia Novemba zina radi, itapita humo.

Mpangaji_Soweto
Nimeweka 11, 20 MHz. Ping ya ruta sasa 4 hadi 35, imepotea moja. Wa chaneli 9 ni mpangaji wa chumba cha mbele, anasema tangu anunue hajawahi kuingia kwenye mipangilio.

Waya_Uyole
Afungue anwani ya kwenye kibandiko, sehemu ya Wireless. Na abadilishe nenosiri la kiwandani papo hapo. Waambie na wengine watoe Auto, maana umeme ukikatika na kurudi ruta zote zinawaka pamoja na kila moja inajichagulia upya, mnarudi mlikotoka.

Masafa_Iringa
Mkikaa pamoja, sita nyie: wawili 1, wawili 6, wawili 11, na waliopakana ukuta wasitumie chaneli ileile. Kuficha jina la wifi hakupunguzi kitu, ruta inaendelea kurusha vilevile.