Daftari la bei: nalinganishaje sado, fungu na kilo?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Dar, nyumbani tuko watano. Nataka kuandika bei za vyakula nijue pa kununulia, lakini kila sehemu ina kipimo chake: maharage Tandale kwa sado, duka la mtaani kwa kilo, nyanya kwa fungu, mafuta kwa dumu. Nalinganishaje? Niandike vitu vyote?

Karani wa Gengeni
Ukiandika vyote, wiki ya pili utachoka. Shika kumi tu vinavyokula hela: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, vitunguu na vya aina hiyo. Chumvi na kiberiti achana navyo. Andika tarehe, mahali, daraja, kipimo, bei, uzito, kisha bei ya kilo moja. Hiyo ya mwisho ndiyo unayolinganisha.

Sado ni kopo la rangi la lita nne, linapima ujazo na si uzito. Kitako kikibonyezwa ndani, umeshapunjwa. Kwa hiyo ukifika nyumbani, pima. Tuseme sado ya sh 9,600 imetoa kilo 3: kilo ni 3,200. Sasa chambua. Mawe, makapi na zilizobunguliwa zikifika gramu 150, umebaki na kilo 2.85, yaani karibu 3,370 kwa kilo. Duka lenye maharage safi kwa 3,300 ni nafuu zaidi.

Mama Mizani
Mizani nayo ihakiki. Weka jagi tupu, rudisha sifuri, mimina lita moja kamili ya maji. Isome gramu 1,000 au karibu sana na hapo.

Mafuta soma lebo, watu wengi wanaumia hapa. Lita moja ya mafuta ya kula ni kama gramu 920, hivyo dumu la lita 5 lina kilo 4.6 hivi. Halilingani na la kilo 5.

Karani wa Gengeni
Kweli kabisa dada. Na mchele mpya usiuandike mstari mmoja na wa zamani. Wa zamani unakunywa maji zaidi na kuvimba, sufuria inajaa kwa kilo chache.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Na nauli je?

Mzee wa Debe
Kijana, nauli ya kwenda na kurudi ikiwa sh 1,200 na unaokoa sh 200 kwa kilo, kilo 6 za kwanza zinarudisha nauli tu. Faida inaanza ya saba. Nyanya nunua karibu, zikibonyea kwenye daladala hesabu yote imeharibika.

Safari ya mbali iwe ya nafaka, baada ya mavuno, bei ikishuka daftarini. Kabla ya kununua maharage ya kuweka, ng'ata punje moja. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Meno yakizama, ina unyevu: unalipia maji, na ndani ya gunia itaota ukungu.