Ukuta wa roboti unaohamishika: mwalimu kaniuliza swali moja tu, nimekwama

KalamuYaRisasi

Wakuu, habari za muda huu. Niko mwaka wa mwisho wa usanifu majengo. Mradi wangu ni ukumbi mmoja wa mita 18 kwa 12: asubuhi uwe darasa, mchana karakana, jioni sehemu ya maonyesho. Badala ya kuta za kawaida nimechora paneli 22 za mbao zilizopinda, kila moja na umbo lake, zote zikatwe kwa mkono wa roboti na kuning'inia kwenye reli za dari. Kwenye kompyuta inapendeza kweli. Nimetengeneza hadi video, paneli zinajisogeza zenyewe.

Wiki iliyopita nikawasilisha. Jopo likanisikiliza vizuri hadi mwisho, kisha mwalimu mmoja, mama mtu mzima, mpole sana, akaniuliza: "Darasa limeisha saa tano kasorobo, karakana inaanza saa tano kamili. Huo ukuta anausogeza nani, na anaushika wapi?" Nikamwambia kuna mota. Akauliza, mota ikigoma? Nikabaki naitazama video yangu kama mgeni.

Kuna jengo la kweli ambalo limeunganisha haya mawili, kujengwa na roboti na kubadilika kila siku? Au nimechanganya mambo mawili yasiyokaa pamoja? Msiniogope, semeni tu.

Timazi

Mimi mwashi, hayo ya roboti siyajui. Ila swali la "anaushika wapi" ni swali la fundi. Huyo mama amewahi kubeba mlango.

ViungoSita

Mdogo wangu, huyo mwalimu kakusaidia kuliko unavyodhani. Nimeendesha mkono wa roboti miaka minne katika karakana moja ya utafiti, na kosa unalolikaribia nilishalifanya mimi.

Tulitengeneza ukuta wa kugawa chumba, paneli 14 za plaiwudi. Tulijigamba kwamba hakuna mbili zinazofanana, kwa sababu mashine haijali: kukata vipande 14 vya aina moja au vya aina 14 ni muda ule ule, unabadilisha faili basi. Hilo ni kweli na ndiyo raha yake. Lakini ubavu wa kulia wa paneli ya 8 ulifuata mkunjo wa ubavu wa kushoto wa paneli ya 9, na hakuna mwingine duniani ulioelewana nao. Siku ya kubadilisha mpangilio tulifungua zote vizuri, tukazisambaza sakafuni, tukaanza kuzipanga upya. Ndipo tukaona tulichonacho: ukuta wa kuhamishika ambao una mahali pamoja tu pa kukaa. Pale pale ulipotoka.

Kabla hatujamaliza kutazamana, paneli ya 9 ikaanguka ikavunjika pembe. Tukasema si kitu, tutakata nyingine. Faili ipo. Ila kichwa cha kukatia kilikuwa kimebadilishwa, meza imesogezwa, na kijana aliyeandika programu alishaondoka na daftari lake. Siku tatu tulipima upya tupate sifuri ya meza, yaani pale mashine inapoanzia kuhesabu vipimo vyake. Mwisho akaja seremala na randa, gundi na vibano viwili, akaunga kipande cha mbao kwenye ile pembe kwa muda wa kunywa chai mara mbili. Kiungo chake ndicho kilichokaa sawasawa kuliko vyote, na sitaki maswali juu ya hilo.

Kwa hiyo jibu langu: roboti inakupa uwezo wa kila kipande kuwa tofauti. Chumba kinachobadilika kinataka vipande vibadilishane nafasi. Ukivifuata vyote viwili kwa upofu vinagombana, na vinagombania kwenye kiungo, pale paneli inapokutana na jirani yake.

Angalia majengo yaliyosifiwa. Kiwanda cha mvinyo cha Gantenbein kule Fläsch, Uswisi, mwaka 2006: roboti ya wasanifu Gramazio na Kohler wa chuo kikuu cha ETH Zurich ilipanga matofali kama 20,000, kila moja limezungushwa kidogo kwa pembe yake, yakashikwa kwa gundi badala ya chokaa na saruji. Ukisimama mbali unaona zabibu kubwa zimejaa kapuni. Ukiwa ndani unapata mwanga na hewa kupitia mianya. Mimi ninaupenda ukuta ule. Lakini matofali yaliunganishwa kuwa mabamba 72, yakapakiwa kwenye lori, yakainuliwa kwa kreni, yakafungwa. Hakuna tofali linalohama. Halikupaswa kuhama.

Au DFAB House, nyumba ya majaribio kule Dübendorf, Uswisi hiyo hiyo, iliyofunguliwa 2019. Ina ukuta wa mita 12 uliopinda pande zote, ambao roboti ilijengea mifupa papo hapo kwenye eneo la ujenzi: ilikunja na kuchomelea nondo nyembamba tabaka 335, sehemu za kuchomelea zaidi ya 20,000. Kisha zege. Kazi ya ajabu, lakini jaribu kuusogeza kwa ajili ya karakana ya saa tano.

NyuziKaboni

@ViungoSita nakuheshimu ila umechagua mifano inayokupendelea. Matofali na zege bila shaka havihami. Umeruka kazi za nyuzi.

Chuo kikuu cha Stuttgart, Ujerumani, watafiti kina Achim Menges na Jan Knippers. Banda lao la 2014 na 2015 liliiga buibui wa majini anayejenga kibofu cha hewa chini ya maji: walijaza upepo kwenye utando laini, roboti ikawekwa *ndani* yake, ikawa inabandika nyuzi za kaboni upande wa ndani mpaka gamba likasimama lenyewe. Lote kilo 260, likifunika karibu mita za mraba 40. Na utando ukiguswa unabonyea, kwa hiyo roboti ilikuwa na sensa ya kupima inasukuma kwa nguvu kiasi gani, ikijirekebisha kila wakati. Hiyo ni mashine inayosikiliza inachokijenga.

Na 2016, uani pa jumba la makumbusho la V&A London, waliweka paa la seli 40 za nyuzi za kioo na kaboni, kila seli wastani wa kilo 45. Sensa zilifuatilia watu wanakaa wapi na wanapita wapi, na roboti ilikuwepo pale pale ikitengeneza seli za kuongezea. Jengo likakua kufuata watu. Sasa hapo roboti na kubadilika havijagombana hata kidogo. Kosa ni kuiona roboti kama kiwanda cha mbali. Iache ibaki jengoni.

ViungoSita

Kweli, la V&A nililiruka, na ni kazi nzuri. Lakini soma tena maelezo yako. Seli moja ilichukua kama saa tatu kutengenezwa. Hapo kuna mafundi, kuna waendeshaji, kuna uzio wa usalama kuzunguka mashine. Jengo lilibadilika kwa kalenda. Huyu kijana anataka libadilike kwa kengele. Kukua na kujipanga upya havina mwendo mmoja.

Halafu kuna jambo la vipimo ambalo wanafunzi hawaambiwi. Mkono wa kiwandani unarudi pale pale ulipokuwa kwa tofauti isiyofika sehemu ya kumi ya milimita. Hapo watu wanaduwaa. Lakini *kurudi* pale pale si sawa na *kufika* unapotaka: mkono unaweza kukosea kwa uaminifu mkubwa, mara mia, mahali pale pale. Na nyenzo yenyewe haijasoma faili. Sisi tulikata meno ya kuunganishia siku kavu, tukafunga karakana ijumaa, mvua ikanyesha wikendi nzima. Jumatatu meno hayaingii. Nusu milimita tu! Mwenzangu akachukua nyundo ya mpira, ikawa pa, pa, pa, jino la tatu likachanika kufuata nyuzi za mbao. Harufu ya ile mbao mbichi iliyochanika ninayo mpaka leo.

Ukuta unaofungwa mara moja unaweza kuvumilia hilo: unasugua, unagonga, unamaliza. Ukuta unaofungwa na kufunguliwa kila siku unahitaji mwanya. Na mwanya ni kitu ambacho video haikionyeshi.

Timazi

Sisi tofali likiwa na milimita mbili zaidi tunazila kwenye udongo wa kiungo, hakuna anayejua. Hiyo gundi yenu nyembamba inameza nini?

ViungoSita

@Timazi haimezi kitu, mzee wangu. Ukipanga kozi (safu) 30 na kila moja imezidi nusu milimita, juu umezidi milimita 15. Ndiyo maana unachagua matofali kabla, au unapima tofali moja moja na programu inasahihisha.

Nimalizie kwa @KalamuYaRisasi, maana aliomba majengo yanayobadilika.

Linaloniuma ni mnara wa Nakagin, Tokyo, wa msanifu Kisho Kurokawa, 1972. Vijumba 140 vilivyotengenezwa kiwandani, kila kimoja kimeshikizwa kwenye mhimili wa zege kwa bolti nne. Mpango ulikuwa kila baada ya miaka 25 au hivi unafungua bolti, unatoa kijumba chakavu, unapachika kipya. Hakikubadilishwa hata kimoja. Kwa vitendo, ukitaka kutoa cha chini lazima uanze na vilivyo juu yake, na vile vina wenyewe, na wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2022 ukabomolewa. Bolti zilikuwepo. Njia ya kuzifikia haikuwepo. Tafuta mchoro wa mkato wake, ukae nao jioni nzima.

Linalonifurahisha ni nyumba ya Schröder, Utrecht, 1924. Ghorofa ya juu ina kuta za kuteleza: mchana chumba kimoja, usiku vyumba vya kulala. Rietveld aliyeichora alikuwa fundi wa samani, na Bi Schröder aliyechora naye aliishi humo mpaka alipofariki 1985. Miaka sitini akisukuma kuta kwa mkono! Msanifu Shigeru Ban naye mwaka 2000 akajenga nyumba Japani yenye vyumba vinne vya magurudumu ndani ya ukumbi mmoja. Vilifanywa vyepesi makusudi ili wenye nyumba wavisukume wenyewe.

Mota zina mahali pake, usinielewe vibaya. The Shed, New York, 2019, ina gamba la tani kama 3,600 linalotembea kwenye reli na kufunika uwanja kwa dakika kama tano. Kitu cha tani 3,600 hakisukumwi na mwalimu wa zamu. Paneli yako je, ina kilo ngapi? Hujaandika. Hilo ndilo nililolitafuta kwanza kwenye swali lako.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Tumbo la kila paneli liwe na umbo lake, hapo roboti ijimwage itakavyo. Lakini mbavu mbili, za kushoto na kulia, ziwe sawa kwa paneli zote 22, zimenyooka, kimo kimoja, nafasi za kufungia zile zile. Yoyote ikae na yoyote. Kisha punguza uzito mpaka mtu mmoja aweze kuisogeza.

NyuziKaboni

Hapo nakubali. Mbavu za aina moja, tumbo huru. Ila mruhusu abaki na mota kwa ile ya katikati, jamani, video itakufa.

KalamuYaRisasi

Nimerudi, samahani kwa ukimya. Nilikwenda kupiga hesabu ya uzito ambayo sikuwahi kuipiga. Paneli yangu, plaiwudi ya milimita 18, mbili zimebandikwa pamoja, mita 1.2 kwa 3: kilo 80 na ushee. Sikulala vizuri.

Nimebadilisha. Fremu nyepesi ya mbao, juu yake ngozi ya plaiwudi ya milimita 6 iliyopinda, na mbavu zimenyooka kama alivyosema @ViungoSita. Nimefika kama kilo 35, bado inaning'inia kwenye reli. Nimekata kipande cha ubavu halisi chenye kimo cha mita moja, kwa msumeno wa mkono maana foleni ya mashine chuoni ni ndefu, nikampa mdogo wangu wa darasa la sita ashike. Akashika ukingoni, vidole vikaingia katikati ya ubavu na ubavu, akabanwa. Hakulia ila aliniangalia vibaya.

Kwa hiyo sasa nina swali la pili. Kishikio kiwe tundu lililokatwa kwenye ngozi, au kipande cha mbao kimepachikwa juu yake? Na kiwe kimo gani?

Timazi

Tundu. Kilichopachikwa kitang'oka. Lainisha kingo zake kwa msasa, zisikate kiganja.

ViungoSita

Tundu, sentimita 95 hadi 105 kutoka sakafuni, na angalau sentimita 8 kutoka ukingoni ili vidole visifike kwenye mwanya. Yakae kimo kimoja kwenye paneli zote. Na mdogo wako mpe soda, ndiye jopo lako la kwanza.