Mjadala: Je, sarafu za dhahabu za makaisari wa Roma ziendelee kupigwa mnada?

Ndugu wachangiaji,

Aliyenitangulia amesema kwamba sarafu za dhahabu za makaisari wa Roma ni nyingi, zinafanana, na kwamba hakuna ubaya zikinunuliwa na watu binafsi wanaozipenda na kuzitunza. Kuhusu kufanana nakubaliana naye. Tangu Kaisari Konstantino alipoanzisha sarafu ya dhahabu iitwayo solidi, ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa sarafu 72, kila moja ikiwa na uzito wa takriban gramu 4.5, na kiwango hicho kilidumu karne nyingi baada yake. Lakini kwa kuwa zinafanana kiasi hicho, kinachoipa kila moja habari yake ni mahali ilipolala na vitu vilivyolala pamoja nayo, na hicho ndicho kinachoharibiwa na mtu anayechimba kwa siri ili awahi soko.

Tazameni kisa cha Hoxne, kijiji cha mashariki mwa Uingereza. Novemba 1992 mstaafu Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo iliyopotea shambani, akitumia kifaa cha kutambua metali, akakuta sarafu. Aliacha kuchimba, akatoa taarifa. Wanaakiolojia walifukua sarafu 569 za dhahabu na zaidi ya 14,000 za fedha, pamoja na vijiko na mapambo, na pia mabaki ya sanduku la mbao, ambayo kwangu mimi yana thamani kuliko dhahabu yote ile, kwa sababu yaliwaonyesha jinsi mali ilivyopangwa na aliyeificha. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima aliyekodi shamba hilo. Nyundo nayo ilipatikana.

Linganisheni na sarafu ya dhahabu ya mwaka 42 KK ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, inayotangaza mauaji hayo. Iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4, na mwaka 2023 mamlaka za New York zikairudisha Ugiriki, baada ya kubainika kwamba maelezo ya asili yake yalikuwa ya uongo.

Kwa hiyo sipingi watu kukusanya sarafu. Ninachotaka ni kwamba isiyo na asili inayothibitika isipokelewe mnadani, na anayetoa taarifa alipwe vizuri. Namwomba aliyenitangulia atujibu: hati ikighushiwa, mnunuzi huyo anayeipenda sarafu anatunza nini zaidi ya dhahabu?