Ramsey mmemgeuza kichekesho cha vibandani, leo nimechoka

Wakuu, habari za usiku. Sina kawaida ya kufungua uzi nikiwa na hasira, ila leo nimetoka bandani na nimeona nisipoandika sitalala.

Iko hivi. Tulikuwa tunasubiri mechi ya jioni, umeme umekatika, mwenye banda anahangaika na jenereta lake. Katika kupiga soga kijana mmoja akaanzisha mada: kiungo gani amewahi kuibeba Arsenal tangu ihamie uwanja wa Emirates? Fabregas akatajwa, Cazorla, Özil, Ødegaard, Rice. Nikauliza, mbona Aaron Ramsey hamumtaji? Banda zima likaangua kicheko. "Yule wa kuua watu?" "Yule mchezaji wa kioo, kuumia kila siku?" Na mmoja, jezi ya Arsenal ipo mwilini mwake, anasema si ndiye kila akifunga tunazika mtu maarufu? Nikanyanyuka, kiingilio changu nikakiacha hapo hapo, nikaondoka hata jenereta halijawaka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nyie mnamnyonga, haki yake mnainyima, halafu mnacheka.

Tuanze na hilo la nuksi maana ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ndiyo, Mei Mosi 2011 aliifunga Manchester United, na usiku wa kuamkia kesho yake Osama bin Laden akauawa. Ndiyo, Oktoba 2011 aliwafunga Spurs (Tottenham) na siku chache baadaye Steve Jobs akafariki, kisha akaifunga Marseille na kesho yake Gaddafi akauawa. Februari 2012 akaifunga Sunderland, siku hiyo hiyo Whitney Houston akafariki. Haya, nne. Kijana wa watu ameifungia Arsenal zaidi ya magoli 60! Hayo mengine zaidi ya hamsini yaliua nani? Watu maarufu wanakufa kila wiki iitwayo leo, mtoe mchezaji yeyote mwenye magoli sitini mkae na kalenda, mtampata na marehemu wake. Lakini wazungu walitunga utani wao, sisi tukaubeba mzima mzima kama mtumba hata bila kuukung'uta vumbi. Kuna watoto wamezaliwa juzi hawajawahi kumwona anagusa mpira, wanachojua ni gundu tu.

Sasa hilo la kioo. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Tarehe 27 Februari 2010, uwanja wa Stoke City, mechi ipo 1-1. Ramsey ana miaka 19. Anapeleka mguu kwenye mpira, beki wao Ryan Shawcross anakuja na mguu wake, na wote tuliokuwa tunaangalia tuliona mguu wa yule dogo umekunjika mahali ambapo hakuna kifundo. Mifupa yote miwili ya chini ya goti, kwisha. Mimi niliangalia ile mechi bandani, na nakumbuka banda lilivyonyamaza, watu wazima wameziba nyuso kwa mikono. Hata wenye timu nyingine hawakusema neno. Na ile haikuwa mara ya kwanza kwetu: Mei 2006 Diaby alivunjwa kule Sunderland, Februari 2008 Eduardo akavunjwa kule Birmingham, naye Ramsey akawa wa tatu ndani ya miaka minne. Tukiwalalamikia tunaambiwa Arsenal ni laini, hawataki soka la wanaume.

Sikilizeni lililofuata. Shawcross alitoka na kadi nyekundu huku analia, na jioni ile ile likatangazwa jina lake kwenye kikosi cha timu ya taifa ya England. Jioni ile ile! Mwenzie yuko hospitali anaungwa mguu. Sisemi alidhamiria, moyo wa mtu siuoni. Ila magazeti yao siku zile yalimwonea huruma nani? Na miaka ikapita, Ramsey akirudi pale Stoke anazomewa yeye, aliyevunjwa! Wakamtungia mpaka wimbo kwamba anachechemea. Mtu umvunje mguu kisha umwimbie kuchechemea. Hao ndio mnaowaunga mkono mkimwita kioo.

Mtu aliyevunjika vile akiwa na miaka 19 angeweza kuacha mpira na tusingemlaumu. Yeye alirudi uwanjani mwaka ule ule, Novemba, kwa mkopo Nottingham Forest, halafu Cardiff City klabu iliyomlea. Machi 2011 marehemu Gary Speed, kocha wa Wales, akamfanya nahodha wa taifa lake akiwa na miaka 20, mdogo kuliko nahodha yeyote waliyewahi kuwa naye. Mwaka mmoja na mwezi tangu mguu ukatike. Huyo ndiye kioo?

Na kabla ya hapo nani alikuwa anamtaka? Huyu aliichezea Cardiff akiwa na miaka 16 na kuivunja rekodi ya John Toshack ya mchezaji mdogo zaidi. Mwaka 2008 akaingia kwenye fainali ya Kombe la FA akiwa na miaka 17, wakafungwa na Portsmouth kwa goli la Kanu (ndiyo, Kanu wetu wa zamani). Manchester United walikuwa wameshakubaliana bei na Cardiff, mpaka wakatangaza kwenye tovuti yao. Kocha wetu Wenger alikuwa Uswisi kwenye Euro anachambua mechi kwenye televisheni, akawatumia ndege dogo na wazazi wake wakaja kuongea naye. Akaichagua Arsenal. Alimkataa Ferguson wa United akaja kwetu, leo watu wa kwetu ndio wanamcheka.

Msimu wa 2013/14 mmeusahau kwa makusudi. Hakuna kiungo England aliyekuwa anacheza kama yeye kati ya Agosti na Desemba. Mechi ya Norwich kila mtu anakumbuka goli la Wilshere, lakini nendeni mkaangalie la Ramsey siku ile, anawalaza mabeki mmoja baada ya mwingine kwenye boksi kana kwamba wanacheza kombolela. Shuti la Liverpool mwezi Novemba, kimo cha goti, likazama. Tarehe 26 Desemba, siku ya kuzaliwa kwake, akaumia paja kwenye mechi ya West Ham. Siku ile tulishinda na tukawa juu ya msimamo. Yeye akakaa nje hadi Aprili, na mkamwona Liverpool akitupiga tano na Chelsea akitupiga sita. Tukamaliza wa nne. Mnataka kujua umuhimu wa mtu, angalieni nyumba ilivyo siku hayupo.

Na bado alimaliza na magoli 16.

Halafu ikaja Wembley, 17 Mei 2014. Sasa hivi mnavimba na makombe, lakini nyie wa zamani mnakumbuka ile miaka tisa? Tangu 2005 hakuna hata kikombe cha kunywea chai. Tulikuwa hatuwezi kupita kijiweni. Hull City dakika kumi hazijafika wametupiga mbili, nikasema basi, naacha mpira nianze kufuatilia mchezo wa bao. Cazorla akarudisha moja kwa faulo, Koscielny ya pili, tukaenda dakika za nyongeza. Dakika ya 109 Giroud akagusa kwa kisigino, Ramsey akapiga bila kuutuliza, kwa ubavu wa nje wa mguu wa kulia. Ule ule mguu waliouvunja. Nililia, nasema kweli, mtu mzima na mke wangu ananiangalia.

Mwaka 2017 tena, fainali na Chelsea waliokuwa mabingwa. Diego Costa anasawazisha dakika ya 76, wote tumeshika vichwa. Dakika ya 79 Giroud anamwaga, nani yuko hewani? Huyo huyo wa nuksi. Fainali mbili za FA, magoli mawili ya ushindi. Nuksi kama hiyo niletewe kila Mei.

Tukubali moja: alikuwa anaumia sana, hilo silikatai. Nyama za paja zilimtesa maisha yake yote ya mpira. Na misimu mingine Wenger alimpeleka winga ya kulia ili Cazorla na Coquelin wakae kati, akawa kama mtu aliyepewa nguo ya kaka yake. Lakini hilo la mkataba siwasamehi wakubwa wa klabu. Wanamwacha Alexis aende kwa kubadilishana na mchezaji mwingine, wanampa Özil mshahara uliosemekana ni paundi 350,000 kwa wiki, halafu inapofika zamu ya Ramsey, mezani kuna ofa, Septemba 2018 wanaiondoa. Mtu aliyetutumikia miaka kumi! Februari 2019 akasaini Juventus, bure. Hata senti haikuingia. Na bado akawa anajituma: Aprili robo fainali ya Europa League na Napoli, goli la kwanza pale Emirates ni lake, ilhali keshajua anaondoka. Mechi ya marudiano kule Naples paja likamkatika, na hapo ndipo safari yake Arsenal ilipoishia. Hatukumpa hata dakika tano za kumpigia makofi akicheza. Fainali kule Baku tukapigwa nne na Chelsea bila yeye.

Juventus sitawadanganya, hakung'ara. Alichukua ubingwa wa Italia, aliifunga Inter Machi 2020 uwanja mtupu bila mashabiki, lakini sehemu kubwa alikuwa kwa daktari. Rangers ya Scotland pia tunajua, fainali ya Europa League Seville 2022, penalti yake ndiyo aliyoiokoa kipa wa Frankfurt. Kila mara nikiandika sifa zake hapa kuna mtu atakuja na ile penalti. Haya nimeshaitaja mimi, msihangaike.

Ila mtu akiwauliza Wales, watawajibu nini? Taifa ambalo tangu 1958 halijaonja mashindano makubwa, 2016 likaenda nusu fainali ya Euro. Bale ndiye mliyemwona kwenye mabango, lakini ile mechi ya Ubelgiji kule Lille, kona aliyoipiga Ashley Williams kichwa ilitoka kwa nani? Mpira uliomfikia Robson-Kanu akawageuza mabeki watatu kwa mara moja ulitoka kwa nani? Pasi nne za magoli kwenye mashindano yale, akaingia kikosi bora cha mashindano. Akashika mpira kwa mkono mechi ile ile, kadi yake ya pili ya njano kwenye mashindano, nusu fainali na Ureno akaikosa, wakafungwa 2-0. Novemba 2019 akawafungia mawili Hungary, Wales ikaenda Euro tena. Na kwenye Euro yenyewe akafunga na Uturuki kule Baku, uwanja ule ule ambao Arsenal ilipigwa na Chelsea. Nilipoona lile goli nilicheka peke yangu sebuleni.

Mwisho wa siku alirudi Cardiff 2023, na Aprili 2025 timu inazama wakamkabidhi timu aifundishe zikiwa zimebaki mechi tatu. Wakashuka daraja. Akaenda Mexico, Pumas. Kuna waliomcheka na hapo pia. Nyumba inaungua, unamkabidhi ndoo moja ya maji, halafu unamcheka moto umeshinda!

NYONGEZA: naona tayari kuna mkuu ameandika hapo chini "pole shemeji wa Ramsey". Sawa. Na yule aliyeuliza kama namweka juu ya Cazorla: kwa mpira mguuni hapana, Cazorla ni fundi. Lakini kikombe cha 2014 nionyeshe nani alikifunga. Wengine mliobaki na Osama wenu, uzi wangu upiteni tu.

Na mwenye banda, kama unasoma humu, ile mia tano yangu niwekee. Mechi sikuiona.