Jina "Medina" la Wahispania ndo Madina hii hii tunayoijua au?

mkoani_boi
Asalam alaykum jamani. Mie nakaa mapokezi kwenye hoteli moja Nungwi, jana kaingia mzee na mkewe kutoka Hispania, nimeshika pasi zao naandika kwenye daftari, mume Fernández Medina, mke López Ruiz, hakuna hata jina moja lililogongana. Bosi akaninong'oneza, hawa si mke na mume hawa. Nikanyamaza, mambo ya watu. Ila hilo Medina limenikaa kichwani mpaka usiku, kwani yule mzee ana asili ya Uarabuni au? Nilitaka nimuulize nikaona haya.

darajani_77
Yakhe bosi wako kakosea. Kule mwanamke akiolewa habadili jina, kama huku tu, mkeo si anabaki na jina la babaake mpaka kaburini? Kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la kwa baba, la pili la kwa mama. Kwa hiyo mzee ni Fernández kwa babaake, Medina ni watu wa mamaake. Watoto wao kwa kawaida watakuwa Fernández López, Medina lishaanguka hapo. Toka 1999 sheria inaruhusu wazee wakubaliane waanze na la mama.

chakechake_shekhe
Neno ni la Kiarabu wallahi, madina, yaani mji, basi. Waislamu waliingia kule 711 na Granada, dola yao ya mwisho, ikaanguka 1492, hesabu mwenyewe hiyo miaka, miji ikabaki na majina yake, Medina del Campo, Medina Sidonia, Medinaceli. Mtu akihama huko anaitwa "de Medina", kama tunavyosema fulani wa Makunduchi. Kwa hiyo si lazima awe Mwarabu, Wakristo wamelibeba na Mayahudi wamelibeba. Kuna na Alcántara, hiyo ni al-qantara, daraja, na daraja lenyewe la Warumi lipo mpaka leo. Iliyonichekesha mie ni Alcalde, ni kadhi wetu huyu huyu, ila kule kageuka meya 😂

binti_forodhani
Na hiyo -ez ya Fernández ndo "bin" yao, wameitia mkiani. Mtoto wa Fernando, Fernández, wa Rodrigo, Rodríguez. Zamani ilibadilika kila kizazi kama sie, baadae ikaganda, sasa mtu anaitwa Fernández na ukoo mzima hamna Fernando. Halafu msimuone Mfilipino anaitwa Medina mkadhani Mhispania, kule Ufilipino gavana wa Kihispania, Clavería, alitoa amri 1849 watu wapewe majina kutoka kwenye orodha.

mkoani_boi
Ahsanteni. Leo asubuhi nimejikaza nikamuuliza wakati anasubiri gari, kafurahi huyo, kaanza mamaake, bibi yake, mpaka dereva kachoka kupiga honi. Kisha kanigeuzia, na wewe je? Nikamtajia majina yangu matatu, akauliza sasa la ukoo lipi hapo. Nimekwama, maana la tatu ni la babu yangu na mwanangu hana.

darajani_77
😂😂 bosi kaambiwa lakini?

mkoani_boi
Nimwambie mie, nna kazi nyengine?